Nyama Niliyoimeza kwa Ajili ya Shikamoo

Mimi si msemaji. Hata katika matanga ya kaka yangu Katana nilikuwa nimejipanga nikae mkekani, nijifunike leso, nilie taratibu, kisha nirudi zangu Malindi bila mtu kukumbuka kama nilikuwepo. Badala yake, mpaka leo nikipita Ganda nasikia watu wakinong'onezana, "Ndiye yule aliyetapikia viatu vya mjomba wake msibani." Ni kweli, ndiye mimi, Dama. Aibu ile haina pa kufichwa, maana iliangukia mbele ya watu wa kanisa lote na jamaa wa pande zote mbili, basi bora niwaeleze kwa mdomo wangu kuliko muisikie kwa watu wanaoongeza chumvi. (Viatu vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vimepakwa rangi asubuhi ileile. Hilo halijaongezwa.)

Nianze na unene. Nilikuwa mnene, na si unene ule wa kusifiwa kwamba mume anakutunza, maana mume alishaondoka zamani na unene ukabaki. Nauza leso na vitambaa sokoni, na ilifika mahali nikitaka kuinuka kutoka kwenye kigoda changu mteja ndiye anayenivuta mkono kabla sijampimia kitambaa. Sukari ilikuwa juu, presha juu, magoti yanalia kama mlango mbovu. Katana naye alikuwa vivyo hivyo. Alikuwa fundi seremala, na benchi la nyumbani kwake alilitengeneza kwa mbao za kitanda, akisema, "Hili ni la mimi na dada yangu, wengine kaeni kwenye viti vya watu wepesi."

Daktari aliponiambia kuna upasuaji wa kupunguza tumbo, nilidhani ananitania. Binti yangu anayefanya kazi Uarabuni hakudhani utani, akalipa. Basi nikakatwa, tumbo likabaki kama ndizi moja, na nikaenda kuuguzwa kwa Katana na mkewe Mbodze huko Ganda. Ni hao wawili na binti yangu tu waliojua. Wengine niliwaacha wafikirie wanavyotaka, na jamani, watu wa kwetu wanajua kufikiria! Gauni zilipoanza kuning'inia, wengine walisema ni ugonjwa ule, wengine wakasema nimerushiwa kitu, na kina mama wa kanisani wakasema ni kufunga na kuomba, hata wawili wakaanza kufunga kwa mfano wangu. Sikuwahi kusema nimefunga. Ila sikusema pia kwamba sikufunga. Niliona haya kusema kwamba mtu mzima mwenye akili zake ameshindwa kuzuia mkono wake mwenyewe usiende sahanini mpaka akakatwa.

Hospitalini kulikuwa na msichana mmoja mpole wa mambo ya lishe. Nilipomaliza muda wa supu na vyakula vya kupondwa akaniambia sasa naweza kuanza vya kutafuna, na akanipa masharti kama anayenikabidhi mtoto. "Mama, samaki laini kwanza, yai, kunde au maharagwe yaliyoiva yakapondeka. Nyama ngumu na sima vikae kando kwa sasa. Tonge liwe dogo kama ukucha wako. Tafuna mpaka liwe uji mdomoni ndipo umeze. Usinywe maji ukila. Na kifua kikibana, acha hapohapo, usishindane nacho."

Kutafuna kule kulikuwa kazi. Tonge moja la samaki unalitafuna mpaka unamsahau samaki mwenyewe. Nilichoka, na nilikuwa nalia kidogo nikiwa peke yangu jikoni, mpaka siku moja Katana akavuta kiti akakaa mbele yangu na sahani yake. "Twende pamoja," akasema, akaweka kipande cha samaki changu mdomoni, akaanza kutafuna akinitazama, nami namtazama, yeye anatafuna, mimi natafuna, mashavu yake makubwa yanapanda na kushuka kama anayesaga mahindi. Mbodze akaja mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo kila nilipokula, kaka yangu alitafuna. "Tafuna kwanza," alikuwa akisema nikitaka kuzungumza. "Dunia itasubiri." Aliahidi nikishapona vizuri, yeye ndiye atakayefuata kwa daktari yule.

Hakuwahi. Moyo ulimsimama asubuhi moja akiwa karakanani, randa bado mkononi.

Sasa mnielewe nilikaaje kwenye mkeka ule. Nilikuwa nimefiwa na mtu aliyekuwa akinitafunia.

Kwenye matanga hayo kulikuwa na shangazi yetu Kache, dada wa marehemu baba, mwanamke ambaye akikohoa watu hunyamaza. Yeye alikuwa na neno lake moja tangu siku ya kuzika, na alilisema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Mwanamume mzima haanguki hivi hivi. Alipewa nini asubuhi ile?" Aliyempa chai asubuhi ile ni Mbodze. Mbodze alisikia, akaendelea kuosha vyombo vya msiba.

Na katika mji wetu kuna jambo hili. Siku ya mwisho ya matanga, chakula hakiguswi na wageni mpaka dada wa marehemu aonje, mbele ya watu, sahani aliyoipakua mjane kwa mkono wake. Ukila, umesema kwamba damu ya marehemu haina neno na mjane yule, akae kwenye nyumba yake alee watoto wake. Ukikataa, umesema vingine, na mjane anajua afungashe. Dada wa marehemu ni mimi, hakuna mwingine. Kwa hiyo nyumba ya Mbodze ilikuwa ikingoja kinywa changu, na kinywa chenyewe ndicho hicho cha tumbo la ndizi.

Mbodze alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Siku hiyo ilipofika alipiga magoti mbele yangu na sahani: sima, nyama ya mbuzi, na pembeni kabisa kunde za nazi alizozichemsha mpaka zikalegea, kidogo tu, kiasi changu. Akaninong'oneza, "Wifi, onja hizo kunde. Nimekupikia wewe."

Nikapeleka mkono kwenye kunde. Shangazi Kache akaona.

"Kunde?" akasema. "Mbuzi mzima amechinjwa, dada wa marehemu anaonja kunde? Kwani hiyo nyama ina nini?"

Watu wakageuka. Hapo ndipo ningesema, "Shangazi, mimi siruhusiwi nyama bado." Maneno mepesi. Lakini ningeulizwa kwa nini, na baada ya kwa nini ingekuja habari yote, na kina mama wa kufunga walikuwa wamekaa nyuma yangu. Nikajifariji kwa elimu yangu ndogo: yule msichana alisema nguvu ya mwili iko kwenye samaki na mayai, na nyama nayo si ni ndugu yao? Nitatafuna sana tu. Nikachagua kipande ambacho machoni kilikuwa kidogo (mdomoni kilikua), nikakitia, nikaanza kazi.

Kilikuwa kipande cha beberu mzee, nyama kavu yenye nyuzi kama kamba ya katani. Natafuna, natafuna, watu wananitazama kooni wakingoja nimeze. Ningefika. Naapa ningefika, nilikuwa nimebakiza kidogo tu kiwe uji, na ndipo akaingia Mjomba Kazungu.

Mjomba Kazungu ni kaka wa marehemu mama yetu, anaishi Mariakani, alikuwa amechelewa kwa sababu ya safari. Masikio yake ni mazito na heshima yake ni nzito zaidi. Hawezi kukaa kabla hajaamkiwa na kila mtu, mmoja mmoja, kwa mkono. Akaja moja kwa moja kwa mfiwa, yaani mimi, akasimama na viatu vyake vinavyong'aa, akanyoosha mkono.

Nikampa mkono. Nikainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Eeh?" akasema, akaweka kiganja sikioni. "Sijasikia."

Sikuwa nimesema kitu. Nikainamisha tena.

"Dama, mwanangu, msiba umekula ulimi? Hata shikamoo?"

Mnajua kwetu. Mtu anaweza kukusamehe deni, hawezi kukusamehe kumnyima shikamoo mbele za watu, tena mjomba, tena siku ya matanga. Nami nimelelewa na dada yake huyo huyo, mama yetu, aliyekuwa akitupiga kofi la mgongo tukichelewa kuamkia. Kabla sijafikiri, mgongo ukakumbuka lile kofi, nikameza. Nyama nzima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu! Pole sana."

"Kala!" akatangaza Shangazi Kache, kama aliyesikitika kidogo. Sahani zikaanza kugawiwa, watu wakanawa, vijiko vikalia.

Mimi nilikuwa nimekaa wima kama mlingoti. Kipande kilishuka kikafika katikati ya kifua kikakataa kwenda mbele, kikakataa kurudi nyuma, kama lori lililozimikia kwenye daraja jembamba. Kifua kikabana. Mate yakaanza kujaa mdomoni, nayameza, yanakuta njia imefungwa, yanarudi. Mama mmoja akaniona nimetoa macho, akasema, "Masikini, uchungu umempanda, mpeni maji." Na mimi (hili nalisema kwa masikitiko) nikayachukua nikayanywa. Basi juu ya nyama kukawa na maji, na juu ya maji mate, na hakuna hata kimoja chenye pa kwenda.

Nikainuka polepole, leso mdomoni, niende nyuma ya jiko nikamalizane na mambo yangu kwa siri. Ukiinuka msibani umefunika mdomo, kina mama wanajua unakwenda kulia, na hawakuachi ulie peke yako. Wakanifuata kundi zima. Nikaongeza mwendo, wakaongeza. Mmoja akaanza kuomboleza kunisaidia. Nilipofika kwenye kona ya jiko nikageuka kuwaashiria kwa mkono warudi, leso ikaniponyoka, na mdomo wangu ukaonekana wote umejaa povu jeupe, linanitiririka mpaka kidevuni.

"Povu!" akalia Shangazi Kache. "Katiwa sumu! Nilisema mimi! Acheni kula! Acheni kula!"

Jamani. Sijawahi kuona watu wakiacha kula namna ile. Sahani zilitupwa chini, mbwa wa jirani wakafika kabla hazijatulia. Mtu mmoja alijitia vidole kooni hapo hapo. Mwanakwaya mmoja alianza kusema haoni vizuri (alikuwa hajanawa bado, achilia mbali kula). Mtu akapiga kelele kwamba dawa ya sumu ni maziwa, mwingine akakimbia dukani akarudi na pakiti, wakanishika kichwa wakanimiminia. Yale maziwa yalishuka yakakuta foleni, yakarudi kupitia puani. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani akakemea, na kwa kuwa alikuwa bado ameshika kipaza sauti, alikemea mpaka barabarani wakasikia. Nataka kusema, siwezi. Nainua kidole kuashiria tumbo, wanaitikia, "Ndiyo, ndiyo, sumu iko tumboni!"

Katikati ya mikono yote hiyo nikamwona Mbodze.

Walikuwa wamemzunguka kando ya sufuria. Shangazi alikuwa amemshika upande wa kanga, akimwuliza, "Kwanza kaka, sasa dada, nani anafuata?" Mtu akasema chifu aitwe. Watoto wake walikuwa wamemshika miguuni. Na Mbodze alikuwa na neno moja la kumtoa pale, mjue. Angesema tu, "Wifi yangu amepasuliwa tumbo, hajaruhusiwa nyama." Alinitazama, nikaona kwamba neno liko ulimini. Akalimeza. Akasema, "Mwacheni kwanza apumue. Mgeuzeni ainame, msimlaze chali."

Wakaniinamisha. Na kwa kuinama kule, kitu kikateguka kifuani, nikahisi lori linarudi nyuma, na vyote, maziwa, maji, mate na beberu, vikatoka kwa pamoja juu ya viatu vya Mjomba Kazungu, aliyekuwa amesogea karibu ili asikie vizuri.

Nikavuta pumzi ya kwanza, tamu kama maji ya dafu. Nikasimama, nikampokonya mchungaji kipaza sauti. Mimi, ambaye kanisani hata tangazo sijawahi kusoma.

"Mwachilieni Mbodze," nikasema. Sauti ilikuwa kama ya bata. "Hakuna sumu. Tumbo langu limekatwa."

"Limekatwa na nani?" Shangazi akauliza, bado ameshika kanga.

"Na daktari."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Kwa unene, Shangazi. Limebaki dogo. Nyama sijaruhusiwa bado. Mbodze alijua, ndiyo maana akaniwekea kunde. Niliona haya kusema. Nikala nyama, nikaimeza nzima ili nimwamkie mjomba." Kisha nikawageukia kina mama wa kanisani. "Na sikufunga. Nisameheni. Mama Zawadi, tafadhali kale."

Mama Zawadi, mmoja wa wale wawili, aliketi chini palepale.

Alikuwapo bibi mmoja kikongwe wa jirani, Hawe Sidi (hawe kwetu ni bibi), aliyekaa muda wote kwenye mkeka wake bila kukimbia, maana magoti hayakumruhusu. Akauliza taratibu, "Yaani watu wanakwenda kukatwa tumbo ili washibe upesi?"

"Ndiyo, hawe."

"Na mimi nimeshibishwa upesi miaka yote hii na umaskini, tena bure."

Mtu mmoja akacheka. Akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, kikakataa, mwingine akakipokea, na matanga ya kaka yangu yakaangua kicheko ambacho, nawaambia kweli, Katana angelipia nauli kuja kukisikia.

Shangazi Kache peke yake hakucheka. "Maneno ni rahisi," akasema. "Kuonja hakujakamilika. Alichoonja amekitoa."

Na alisema kweli. Kwa sheria ya mji wetu, nilikuwa nimemtapika mjane.

Nikakaa mkekani. "Mbodze," nikasema, "nipakulie tena. Zile kunde."

Akapakua kijiko kimoja. Niliacha kifua kitulie kwanza, watu wakangoja. Nikachukua kidogo kama ukucha wangu, nikatia mdomoni, nikatafuna. Sikumtazama mtu. Natafuna, na nilihisi aibu yote ya dunia imekaa kwenye mashavu yangu, mpaka nilipoinua macho nikaona Mbodze, aliyepiga magoti mbele yangu, anatafuna. Hana kitu mdomoni. Anatafuna tu, ananitazama, machozi yanamshuka, mashavu yanapanda na kushuka kama ya mumewe. Hawe Sidi naye akaanza, kwa fizi zake tupu. Halafu mwanakwaya aliyekuwa haoni vizuri. Basi uwanja mzima ukatafuna upepo pamoja nami.

"Anafanya nini?" Mjomba Kazungu akauliza kwa sauti kubwa, miguu mitupu, viatu vikiwa vimepelekwa kuoshwa.

"Anatafuna!" wakamjibu watu wote.

"Basi mwacheni atafune!"

Nikameza. Zikashuka laini, zikafika, zikakaa. Nikangoja. Kifua hakikubana. Nikasema, "Zimeingia. Sina neno na Mbodze. Na kaka yangu hakuwa na neno naye."

Shangazi Kache aliiachia ile kanga. Hakuomba radhi, si mtu wa namna hiyo, lakini alienda mwenyewe kwenye sufuria, akapakua sahani, akaketi, akala nyama iliyobaki mbele ya watu wote mpaka mfupa wa mwisho. Kwetu hiyo ndiyo radhi yenyewe.

Mbodze yuko kwenye nyumba yake mpaka leo. Siku nikishinda kwake ananiandalia changu wa kuchemsha na limau, au yai, au kunde zilezile, na nyama nikaja kuila baadaye, iliyosagwa, baada ya yule msichana wa hospitali kuniruhusu (nilimsimulia habari hii yote, akacheka akajifunika uso kwa faili). Na si muda mrefu uliopita Shangazi Kache alikuja sokoni, akajifanya anapima kitambaa, akapima kimoja hichohicho mara nyingi, mwisho akauliza bila kunitazama, "Huyo daktari wako, watu wazima kama mimi anawapokea? Sukari inanisumbua." Nitakwenda naye. Nimeshamwambia atakapofika kwenye vya kutafuna, nitakaa mbele yake na sahani yangu.

Heshima yangu iko palepale, naamkia wakubwa wote kama nilivyolelewa. Lakini nimeapa, tonge likiwa mdomoni, aje nani, nitainua kiganja, nitatafuna mpaka liwe uji, ndipo niseme. Mjomba Kazungu amelijua hilo. Sasa akiingia popote nilipo, huinama kwanza akaniangalia mashavu, na akiyaona yanakwenda, huvuta viatu vyake nyuma, akakaa, akasubiri shikamoo yake.